Ni nini hasa kinachomtenga mtu na wanyama wengine? Tuanzie kaburi la Panga ya Saidi

Mleta mada (Mji wa Kale)

Wanajamvi, assalaam alaykum, na salamu kwa wote wasiokuwa wa dini yangu. Mjadala huu ulianza barazani, hapa Mji wa Kale, Mombasa, baada ya sala ya isha, na kwa kuwa ulikatika kabla haujakomaa nimeona niulete kwenu. Mzee mmoja alishikilia kwamba kinachomtenga mtu na mnyama ni akili. Mwenzake akasema ni ulimi, akatukumbusha kwamba wanafalsafa wa kale walimwita binadamu hayawani mwenye kunena. Kijana anayetuuzia kahawa, aliyekuwa akisuuza vikombe muda wote huo, akauliza: ikiwa ni akili na ulimi, kwa nini mtu katili, ambaye anavyo vyote viwili, tunamwita mnyama? Hapana aliyemjibu. Nami ambaye nimesomesha historia miaka mingi sikuwa na jibu la kumpa, na tangu usiku ule swali lake halijanitoka.

Kabla ya kuwaendea wataalamu, tuitazame kwanza lugha yetu. Mtu amelala, ng'ombe amelala, kunguru amelala. Hata majina ambayo umbo lake ni la ngeli nyingine, kama kipepeo na papa, hupatanishwa kama watu mara tu tunapotambua kuwa mwenye jina ana uhai wa kujiendea. Sarufi ya Kiswahili, basi, haikujenga ukuta baina ya mtu na mnyama. Ukuta ulijengwa na neno lingine, nalo ni utu, na neno hilo tunalitumia kwa namna ya ajabu, kwa sababu twaweza kusema kwamba fulani, mwenye miguu miwili na jina na kabila, hana utu, na kila anayetusikia akatuelewa.

Wanaanthropolojia nao wameuweka mpaka huo mahali pengi, na karibu kila walipouweka haukudumu. Mwaka wa 1949 Kenneth Oakley wa Uingereza alimweleza mtu kuwa ni kiumbe mwenye kutengeneza zana. Miaka 11 baadaye, katika msitu wa Gombe, Kigoma, Jane Goodall alimwona sokwe dume aliyempa jina la David Greybeard akikatua kijiti, akikipukutisha majani, akikitia katika tundu la kichuguu na kukivuta kikiwa kimejaa mchwa. Louis Leakey, aliyemtuma kule, alipopata habari alijibu kwamba sasa itabidi tuipe zana maana mpya, au tumpe mtu maana mpya, au tukubali kwamba sokwe ni watu. Tena zipo zana za mawe za Lomekwi, magharibi ya Ziwa Turkana, zilizotangazwa mwaka wa 2015, zenye umri wa miaka milioni 3.3, nazo ni kongwe kuliko mabaki yoyote yanayojulikana ya jenasi yetu ya Homo. Aliyezigonga huenda hakuwa wa jenasi yetu kabisa.

Walipoacha zana walishika lugha. Mwaka wa 1980 Robert Seyfarth, Dorothy Cheney na Peter Marler walichapisha kazi yao juu ya tumbili wa Amboseli, wa aina hii hii wanaoruka juu ya mapaa ya Nyali na Shanzu. Walirekodi milio yao ya tahadhari na kuipiga kwa vipaza sauti vilivyofichwa vichakani. Kwa mlio wa chui, tumbili walikimbilia mitini. Kwa mlio wa tai, walitazama juu. Kwa mlio wa chatu, walisimama kwa miguu ya nyuma wakichunguza nyasi. Milio mitatu, hatari tatu, bila ya chui wala tai wala chatu kuwapo. Huo si usemi kama wetu, lakini baada ya kuusoma siwezi tena kusema kwamba mnyama hupiga kelele tu.

Yote hayo nimeyapita haraka kwa sababu ninakotaka kufika ni hapa karibu. Kaskazini yetu, katika kaunti ya Kilifi, kwenye vilima vya mawe ya chokaa vilivyo kiasi cha kilomita 15 kutoka baharini, kuna pango liitwalo Panga ya Saidi. Wanaakiolojia wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na wenzao wa kutoka nje wamelichimba kwa miaka mingi. Mwaka wa 2013 walikuta vipande vya mifupa, na mwaka wa 2017 wakafunua shimo dogo la mviringo, yapata mita tatu chini ya sakafu ya leo, lenye mifupa iliyooza kiasi kwamba kila ilipoguswa iligeuka unga. Ikabidi walifunge bonge zima kwa plasta na kulibeba kama lilivyo, kwanza mpaka Nairobi kisha Uhispania, na huko maabarani ndiko meno yalikodhihirisha kwamba aliyelala mle alikuwa mtoto wa binadamu, mwenye umri wa baina ya miaka miwili na nusu na mitatu. Habari zake zilichapishwa Mei 2021. Wamempa jina la Kiswahili, Mtoto, na amelala pale miaka 78,000. Hakuna kaburi la binadamu la zamani zaidi linalojulikana katika Afrika.

Nawaomba msome polepole jinsi alivyolazwa. Shimo lilichimbwa makusudi, na udongo uliomfunika ulikombwa kutoka sakafu ya pango lenyewe. Alilala kwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani. Mabega na mbavu zake zilibaki mahali pake kwa namna inayoonyesha kuwa mwili ulikuwa umeviringishwa kwa nguvu katika kitu, jani au ngozi, kilichooza zamani. Kichwa na shingo viliporomoka kwa namna inayoonyesha kuwa palikuwa na kitu chini ya kichwa, mfano wa mto, nacho kikaoza kikaacha nafasi tupu.

Mimi nimewahi kushuka kaburini kumpokea mtoto wa ndugu yangu. Nilimlaza kwa ubavu wa kulia, nikamfungua kamba ya sanda upande wa kichwani, nikamwekea bonge la udongo chini ya shavu. Sisemi kwamba watu wa Panga ya Saidi walikuwa na kibla, wala kwamba ada yetu inatokana na yao. Hakuna njia ya kuthibitisha hivyo na kujaribu kungekuwa kuwasingizia. Ninachosema ni kwamba niliposoma habari ya ule mto, mikono yangu ililitambua tendo. Nami naona hapo ndipo pa kumtafutia jibu kijana wetu wa kahawa. Naomba michango yenu.

Msomaji wa Kisauni

Maalim, nimeisoma mada yako yote na inanigusa, lakini sitakuacha upite bila kuulizwa. Kuzika hakutoshi kuwa mpaka. Kwanza, yapo makaburi ya zamani zaidi nje ya Afrika: katika mapango ya Skhul na Qafzeh, huko Israeli, watu wa aina yetu walizikwa zaidi ya miaka 90,000 iliyopita. Pili, Waneanderthali, jamaa zetu wa kale waliokwisha kutoweka, nao walizika maiti wao, na wao hawakuwa sisi. Tatu, wanyama wana huzuni inayoonekana. Ndovu husimama juu ya mifupa ya ndovu wenzao wakaigusa kwa mkonga na kwa unyayo, na hawafanyi hivyo kwa mifupa ya kila mnyama. Sokwe mama wa Bossou, Guinea, wamebeba maiti za watoto wao kwa wiki nyingi mpaka zikakauka mgongoni. Ukisema kwamba mtu ni yule anayewajali wafu wake, ndovu na sokwe watabisha hodi mlangoni mwako, nawe hutakuwa na haki ya kuwafungia.

Kisha kuna jambo ambalo halisemwi sana tunapowasifu sokwe. Pale pale Gombe, baina ya mwaka wa 1974 na 1978, kundi la Kasakela liliwawinda madume wa kundi la Kahama mmoja baada ya mwingine mpaka kundi hilo la Kahama likamalizika, na hapo awali makundi hayo mawili yalikuwa kundi moja. Kwa hiyo hata ukatili wa kupanga, ambao kijana wako anauona kuwa ni unyama, si wetu peke yetu wala si wa wanyama peke yao.

Mama wa Kuze

Nawasalimu nyote. Maalim ametufikisha kaburini, nami naomba nirudi nyuma kidogo, kwa sababu kabla ya mtoto yule kuzikwa kuna aliyemlea miaka miwili na nusu, na huenda mpaka mnaoutafuta uko huko.

Nilipojifungua kifungua mimba wangu nilikaa arobaini nyumbani kwa mama. Mama alinikanda kwa maji ya moto asubuhi na jioni. Mama mkubwa alikuwa na kazi ya uji wa pilipili manga. Wifi yangu alimchukua mtoto kila baada ya kumnyonyesha ili nilale. Nakumbuka usiku mmoja nilizinduka sikumwona mtoto kitandani wala sikushtuka, kwa kuwa nilijua yuko katika mikono ya mmoja wao, ingawa sikujua ni ya nani. Sasa mlinganishe na sokwe. Mama wa sokwe hakubali mtoto wake mchanga ashikwe na mwingine kwa miezi ya mwanzo. Humbeba peke yake usiku na mchana, na kwa sababu hiyo huzaa baada ya kila miaka mitano au sita tu. Mwanaanthropolojia wa Marekani Sarah Hrdy ameshikilia kwa muda mrefu kwamba hapa ndipo njia zetu zilipoachana: mtoto wa binadamu ni ghali mno kulelewa na mtu mmoja, na tukawa watu kwa sababu mama zetu waliweza kumwamini mwingine akaushika mzigo.

Na si mama tu. Kristen Hawkes na wenzake walikaa na Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi, Tanzania, wakaona kwamba mama anaponyonyesha mtoto mchanga, unene wa mtoto wake mkubwa hufuata kazi ya bibi yake anayechimba mizizi ardhini. Bibi amekwisha kuzaa siku nyingi, na bado jembe lake, ambalo ni kijiti kilichochongwa, ndilo linalowashibisha wajukuu. Viumbe wa kike walio wengi hawaishi muda mrefu baada ya uzazi kukoma. Sisi huishi, na nyumba nzima hutegemea hilo.

Mwanafunzi wa Majengo

Maalim wangu, kwa heshima zote. Mimi nasoma dini na nakiri kwamba mada za namna hii hunitia wasiwasi, kwa sababu mara nyingi mwisho wake huwa kumteremsha mwanadamu aliyetukuzwa. Lakini ulipotaja kaburi nilikumbuka kisa cha Kabili katika Sura ya Al-Maida. Alipomuua ndugu yake hakujua la kufanya na maiti, mpaka Mwenyezi Mungu akamleta kunguru aliyefukua ardhi kumwonyesha jinsi ya kumsitiri ndugu yake, naye akajuta kwamba ameshindwa kuwa mfano wa yule kunguru. Kwa mujibu wa kisa hiki mtu ndiye aliyefunzwa kuzika na mnyama. Na katika Sura ya Al-Baqara ubora wa Adamu uliwekwa wazi mbele ya malaika kwa jambo gani? Kwa kufunzwa majina. Naona visa vyote viwili vinazungumzia kufunzwa. Je, wataalamu wenu wanalisema hilo?

Mleta mada (Mji wa Kale)

Ndugu zangu, mmenisaidia kuliko nilivyotarajia, na mwanafunzi wa Majengo amelitia ufunguo mlango niliokuwa nikiuzunguka. Ndiyo, wanalisema, na niruhusuni nilieleze kwa urefu.

Mwaka wa 2005 Victoria Horner na Andrew Whiten walichapisha jaribio walilowafanyia sokwe wa kisiwa cha Ngamba, Ziwa Viktoria upande wa Uganda, na watoto wa Uskoti wa miaka mitatu na minne. Palikuwa na boksi lenye kitu kizuri ndani. Mwonyeshaji alichoma kijiti katika tundu la juu, kisha katika tundu la mbele, akakitoa kitu kile. Boksi lilipokuwa jeusi lisiloonyesha ndani, sokwe waliiga yote mawili. Boksi lilipokuwa angavu, ikaonekana wazi kwamba kuchoma tundu la juu hakuna kazi yoyote, sokwe wengi waliliacha wakaenda moja kwa moja kwenye tundu la mbele. Watoto wa watu waliendelea kuchoma tundu la juu.

Mtu atasema sokwe ndiye mwenye akili hapo, na kwa boksi lile pekee ni kweli. Lakini sikilizeni. Babu yangu alikuwa fundi wa kutia kalafati ufukweni Mtongwe. Aliponifunza, nikiwa na umri wa miaka tisa, alikaa chini ya ubavu wa jahazi, akaisokota pamba iliyolowa mafuta, akaiweka katika mwanya wa mbao, na kila alipoipigilia kwa chembeu alipunguza mwendo wa mkono ili nione. Kisha alinipa chembeu, akanishika kifundo cha mkono, akakiinamisha, maana pembe ya chuma ikikosewa pamba hutoka badala ya kuingia. Na kabla ya kila mwanya alikuwa akigonga ubao mara tatu kwa mpini wa nyundo. Nami niligonga mara tatu. Nilikuwa mtu mzima nilipomuuliza fundi mwingine sababu yake, akaniambia kuwa ubao uliooza ndani hutoa mlio tofauti. Babu hakuwahi kunieleza hivyo, na huenda yeye mwenyewe alikuwa akisikiliza bila kujua kwamba anasikiliza. Kama ningekuwa sokwe wa Ngamba ningekuwa nimekuacha kule kugonga kwa kuwa hakuna faida inayoonekana, na ujuzi uliokuwa ndani yake ungeishia kwake.

Mambo mengi yaliyo bora kwetu husafiri hivyo, yamefungwa ndani ya ada ambayo anayeibeba hawezi kuieleza. Katika msitu wa Taï, Kodivaa, sokwe huvunja kokwa ngumu kwa mawe, na mtoto huchukua miaka akitazama na kujaribu mpaka aweze. Mwaka wa 2007 ilitangazwa kwamba yamepatikana pale mawe yaliyotumiwa na sokwe miaka 4,300 iliyopita kwa kazi ile ile. Katika muda huo huo mkono wa binadamu ulitoka kwenye mtumbwi uliochongwa gogoni ukafika mtepe ulioshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari, kisha jahazi, kisha meli zinazopita Kilindini, na hakuna mtu mmoja aliyeyavumbua hayo kwa akili yake. Kila mmoja alipokea, akaongeza kidogo, akakabidhi.

Liko jaribio jingine la mwaka wa 2007, la Esther Herrmann, Michael Tomasello na wenzao, waliowapima sokwe 106, watoto 105 wa miaka miwili na nusu, na orangutangi 32. Katika mambo ya vitu, kama kufuata kilipofichwa chakula na kukadiria wingi, watoto na sokwe walikuwa karibu sawa. Katika kujifunza kwa mwingine na kuelewa anakoelekeza mwenzake, watoto waliwaacha mbali. Tazameni umri wao: miaka miwili na nusu, umri wa Mtoto wa Panga ya Saidi. Mle pangoni palizikwa kiumbe ambaye akilini, kwa habari ya vitu, alikuwa hajamshinda sokwe, na ambaye tayari alikuwa amekwisha kuanza kufunzwa.

Kuhusu majina, Leslie White wa Marekani aliandika mwaka wa 1940 kwamba mtu peke yake ndiye anayeweza kuyapa maji maana isiyoonekana ndani ya maji yenyewe, akatoa mfano wa maji yaliyobarikiwa kanisani. Sisi tunalo kombe. Aya zimeandikwa kwa zafarani ndani ya sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji, na mgonjwa ananyweshwa. Kunguru aliye juu ya mwarobaini anaweza kuiona sahani, akaonja maji, akajua kuwa yana zafarani. Kilichomo humo kwa ajili ya yule mgonjwa hawezi kukijua, kwa sababu hakimo ndani ya sahani. Kimo baina ya watu waliofunzana.

Sasa nimrudie ndugu yangu wa Kisauni. Nakubali kila ulichokisema. Waneanderthali nawafungulia mlango na sioni hasara. Ndovu na sokwe wana huzuni, nami sitawanyang'anya. Tofauti ninayoiona ni kwamba yule sokwe wa Bossou anabeba maiti wake peke yake, na wenzake hawamwonyeshi la kufanya, wala yeye hatamwonyesha mwanawe. Na vita vya Gombe vinanisaidia kumjibu kijana wa kahawa. Sokwe wa Kasakela waliua, na hakuna sokwe aliyeulizwa. Mtu anapoua huulizwa, na wa kwanza kuulizwa mtaani huwa ni waliomlea: huyu amefunzwa na nani? Tunapomwita mnyama hatumaanishi kwamba amepungukiwa na akili au ulimi. Tunasema kwamba mikono yote ile iliyompokea, aliyoitaja Mama wa Kuze, yeye ameifanya kama haikuwapo. Wahenga walisema mtu ni watu, nami sikuwahi kuichukua kauli hiyo kama elimu ya anthropolojia mpaka wiki hii.

Mwanafunzi wa Majengo

Nimekuelewa, maalim, na wasiwasi wangu umepungua. Nitakuja barazani.

Mama wa Kuze

Maalim, swali moja la mwisho, ambalo labda ni la mwanamke tu. Yule mtoto alizikwa ndani ya pango walimokuwa wakiishi. Waliendelea kukaa pale, au walihama?

Mleta mada (Mji wa Kale)

Dada yangu, mifupa haiwezi kutuambia habari za mama yake. Lakini udongo uliokaa juu ya kaburi una tabaka baada ya tabaka, na ndani yake mna zana za mawe, mifupa ya wanyama walioliwa na makaa ya moto. Katika tabaka za kiasi cha miaka 65,000 umekutwa ushanga uliotengenezwa kwa kombe la bahari. Kutoka ufukweni mpaka pale ni mwendo wa nusu siku kwa miguu. Kwa hiyo watu waliendelea kurudi, na mmoja wao alirudi na kombe.